Tarakilishi ya Mwanafunzi wa Ukambani: Jina au Uwezo?

Wanafunzi wa Kiswahili wamebishana kwa miaka mingi iwapo mtambo huu uitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mjadala huo una tija yake. Hata hivyo, mzazi wa Mutomo au Kibwezi aliyeuza ndengu na mbuzi ili mwanawe anayeingia chuo kikuu apate chombo cha kujifunzia uandishi wa programu hana haja na jina. Haja yake ni kujua anachouziwa, na mintarafu ya hilo Kiswahili cha vyuoni kimenyamaza mno.

Dukani aghalabu huelezwa jambo moja tu: mtambo ni “Core i5”. Kauli hiyo ni sawa na kuambiwa kwamba gari ni Toyota. Vichakataji vya jina hilo vilianza kuuzwa mwaka 2009, vikafuatana kizazi baada ya kizazi, na kizazi ndicho kinachoamua mengi. Windows 11, iliyotoka 2021, haikubali rasmi takribani vichakataji vyote vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8. Nayo Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo baadhi ya mitambo iliyotumika ughaibuni, ile iitwayo eksi-UK, ina unafuu wa bei ambao mnunuzi haelezwi sababu yake. Si kwamba haifai kabisa. Ikiwekewa Linux, ambayo ni ya bure, itaendesha Python na kumfikisha mwanagenzi mbali. Lakini mzazi anastahili kulijua hilo kabla ya kufungua kibindo.

Wanafunzi nao wana lao wanalolificha. Kijana humwambia mzazi kwamba mtambo wa bei ghali ni wa masomo, ilhali bei hiyo imepandishwa na kadi ya michoro, ambayo anayejifunza misingi ya programu haihitaji. Inayoihitaji ni michezo. Kucheza si haramu. Wapo walioanza kuandika programu kwa kutaka kujua mchezo waupendao umeundwaje. Ila fedha zikiwa chache, diski ya SSD na kumbukumbu ya gigabaiti 16 vitamfaa kuliko kadi hiyo. Gigabaiti 8 ni za kuvumilia tu.

Kisha kuna umeme. Ushauri ulioandikiwa wasomaji wa Marekani na Ulaya huisifu tarakilishi ya mezani, na kwa haki: sehemu zake hubadilishwa mojamoja, na kwa bei ileile hutoa nguvu zaidi. Kasoro yake ni kwamba haina betri. Umeme ulipokatika karibu Kenya nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, aliyekuwa akiandika programu kwenye mtambo wa mezani usio na betri ya akiba alipoteza yote ambayo hakuwa ameyahifadhi. Fauka ya hayo, mtambo wa namna hiyo wenye kadi ya michoro waweza kula wati 300 au zaidi mchezo ukipamba moto, ilhali chaja ya kipakatalishi cha kawaida ni ya wati 65 hivi. Kwa nyumba inayotegemea sola, tofauti hiyo si ndogo. Mwanafunzi anayesomea Kwa Vonza, katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, na kurudi kwao Makueni likizoni, anahitaji kipakatalishi, hata kama kitakuwa dhaifu mchezoni.

Msamiati wa kuyaeleza haya haukosekani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo yake. Kinachokosekana ni karatasi moja, yenye maswali ya kumwuliza muuzaji: kichakataji ni cha kizazi gani, kumbukumbu ni kiasi gani na je, yaweza kuongezwa, diski ni ya aina gani, betri hudumu saa ngapi. Chama cha Kiswahili chaweza kuiandika kwa alasiri moja na kuibandika madukani Wote na Kitui kabla ya muhula ujao kufunguliwa.