Kamera Isiyokuwepo Haipigi Picha
Wiki hii niliwasikia wapiga picha wawili wa harusi, wakisubiri bibi harusi atoke saluni, wakibishana juu ya kamera ambayo hakuna kampuni iliyoitangaza: itakuwa na megapikseli ngapi, betri yake itadumu kiasi gani. Nawaelewa, aliyebeba kamera kutwa nzima ana haki ya kuota iliyo bora. Lakini nakumbuka Canon EOS R1 ilivyosubiriwa. Uvumi uliipamba kwa megapikseli tele na kihisi kinachosoma picha nzima kwa mkupuo mmoja, kama kile cha Sony A9 III ya Novemba 2023, ambacho hakipindishi pichani hata fimbo ya gofu inayopita kwa kasi. Julai 2024 ikatangazwa: megapikseli 24, na kihisi bado kinasoma mstari kwa mstari, ingawa kwa haraka sana. Baadhi wakanuna. Lakini kwa mpiga picha wa michezo, ambaye ndiye aliyetengenezewa, faili nyepesi humfikia mhariri mapema, na fremu 40 kwa sekunde zinatosha kumnasa mkimbiaji akigusa utepe. Mgoja kijacho hukosa kilichopo. Naona uvumi huu unawadhuru zaidi vijana wanaoanza kazi, maana unawafundisha kuidharau kamera iliyo mkononi kabla hawajajifunza kuisoma nuru. Hata Nikon Z9 ya mwaka 2021, iliyoachana kabisa na shata ya kimakanika, bado inawalisha wengi viwanjani.