Dungusi la bei nafuu: Chunguza miiba kabla ya kutoa pesa

Ukisafiri kutoka Mtwapa hadi Kilifi, kisha ukaendelea Watamu na Malindi, hutakosa kuona vitalu vya miche kando ya barabara. Vingine vimejibanza ubavuni mwa maduka ya vifaa vya ujenzi, pale panapouzwa saruji, mabati na rangi. Asumini na mawaridi hupangwa mbele yapate kuvutia macho ya wapita njia. Nyuma kabisa, katika makopo yenye kutu, ndipo ilipo mimea ya miiba ambayo aghalabu huuzwa kwa bei ya chini. Yote huitwa kwa jina moja tu: kaktasi.

Je, yote ni madungusi kweli? La, hasha! Na tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Yahusu macho ya mwanao.

Madungusi asili yake ni bara la Amerika. Ni aina moja tu, Rhipsalis baccifera, ambayo huota yenyewe hapa Afrika, nayo haifanani kamwe na kaktasi za kwenye picha. Huning'inia juu ya miti msituni kama kamba za kijani. Kwa hivyo, ukiuziwa mmea mnene wenye pembe na miiba, ukaambiwa ni dungusi la asili ya huku, basi huenda ukawa ni wa jamii ya mnyaa. Jamii hiyo, ambayo wataalamu huiita Euphorbia, ni ya kwetu hasa, na baadhi yake zimefanana na madungusi kama pacha.

Hebu tutazame namna ya kuzitambua.

Kwanza, miiba. Dungusi lina vidoa vidogo mfano wa vifundo vya pamba, na miiba huchipuka kwa mafungu kutoka humo. Mimea ya jamii ya mnyaa haina vidoa hivyo, na mara nyingi miiba yake hutoka miwili miwili, kama pembe za mbuzi.

Pili, utomvu. Tafuta mahali palipokwisha kukwaruzwa. Usivunje mmea kwa mkono. Ukiona maziwa meupe, yaelekea ni jamii ya mnyaa. Hata hivyo, yapo madungusi madogo ya mviringo, yaitwayo Mammillaria, ambayo baadhi yake pia hutoa maziwa. Basi usihukumu kwa utomvu pekee.

Tatu, maua. Ua la dungusi kwa kawaida lina petali nyingi na hupendeza. Maua halisi ya jamii ya mnyaa ni madogo mno.

Utomvu wa mnyaa huwasha ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali, hata mtu akapoteza uwezo wa kuona kwa muda. Likitokea hilo, osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, kisha mpeleke mgonjwa hospitalini bila kuchelewa. Nyumba yenye watoto watambaao si mahali pa kuweka mmea huo sebuleni.

Sasa tuje kwenye bei. Mmea uliosinyaa kidogo kwa kiu usiuogope. Ukipata maji utajaa tena. Uliorefuka na kupauka kwa kukosa mwanga pia wafaa, ingawa umbo halitarudi. Lakini bonyeza shina karibu na udongo kwa kijiti. Likiwa laini na jeusi, limeoza. Chunguza pia uone kama kuna utando mweupe mithili ya pamba katika mikunjo, kwani hao ni wadudu wafyonzao, nao watahamia mimea yako mingine.

Ukikutana na kijidungusi chekundu au cha manjano juu ya kikonyo cha kijani, fahamu kwamba hiyo ni mimea miwili iliyounganishwa. Kile cha juu hakina rangi ya kijani ya kujitengenezea chakula, basi humtegemea mwenzake, na kwa kawaida hakidumu miaka mingi. Nalo ua kavu lililosimama wima utosini, ling'oe kidogo ujaribu. Mengine yamegandishwa kwa gundi tu.

Mpungate nao ni dungusi halisi, na kipande kimoja huota bila kubembelezwa. Ndiyo sababu ni rahisi, na ndiyo sababu ni hatari. Huko Laikipia umevamia malisho, ambako mifugo huumizwa midomo na miiba ya matunda yake, na ndovu na nyani husambaza mbegu. Hata Mbuga ya Tsavo Mashariki imevamiwa. Ukipogoa mpungate, usitupe vipande jaani wala nyuma ya ua. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Aidha, usinunue mimea iliyong'olewa porini. Pwani yetu ina mshubiri uliopewa jina la Kilifi, yaani Aloe kilifiensis. Tayari mnamo 1986 Rais alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini nchini Kenya kwa kuwa ilikuwa ikiangamia. Mmea uliokuzwa kitaluni huwa na mizizi iliyojaa koponi. Uliong'olewa juzi hulegea ukiutikisa, na mizizi yake imekatika.

Ukishafika nyumbani, toboa kopo chini. Changanya udongo na mchanga wa mto pamoja na kokoto ndogo, wala usitumie mchanga wa ufuoni, maana una chumvi. Mwagilia pale tu udongo unapokauka kabisa. Masika yakianza, mwezi wa Aprili na Mei, usogeze mmea barazani, kwani katika mwambao huu madungusi mengi huuawa na mvua kuliko jua.

Kwa hiyo, msomaji, Jumamosi ukienda kununua misumari, usiharakishe. Inama, tazama vidoa vya pamba, bonyeza shina, kisha ndipo ufungue pochi. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.