DAWA YA TOMATI INAPASHWA KUTANGULIA UGONJWA



Kila mwaka, mvua ikishika hapa Lubumbashi, tunasikia mama zetu wakilalamika. Majani ya tomati yanapata madoa meusi, shina linakuwa sawa vile limeunguzwa na moto, matunda yanaoza mbele ya kuiva. Ugonjwa huo unaitwa mildiu. Kwa siku chache unaweza kumaliza shamba lote. Wengi kati yetu tunalipiwa feza ya masomo na mboga zinazouzwa sokoni. Kwa hiyo jambo hili si la wakulima peke yao, hata sisi wanafunzi linatugusa.

Tunataka kusema neno moja. Dawa nyingi za unga zinazonyunyizwa juu ya tomati kwetu, kama ile ya mankozebu na ile ya shaba, ni dawa za kukinga. Hazijui kuponyesha. Lakini watu wanangojea mpaka madoa yaonekane, ndipo wanakimbia kununua dawa. Shamba likikufa wanasema: « Ile dawa iko ya bongo! » Kumbe dawa haikudanganya mutu. Iliitwa wakati kazi imekwisha kuharibika.

Tueleze. Mildiu inaenea kwa mbegu ndogo sana zisizoonekana kwa macho, zinazobebwa na upepo na matone ya mvua. Mbegu ikianguka juu ya jani lenye maji, inaota na kuingia ndani kwa saa chache tu. Dawa ya kukinga inakaa inje, juu ya ngozi ya jani, na inaua mbegu mbele haijaingia. Ikisha kuingia, dawa haiwezi kuifuata. Tena, jani jipya lililoota nyuma ya kunyunyiza halina dawa, na mvua kubwa inaosha ile iliyokuwako. Ndiyo sababu wakati wa mvua inapashwa kurudilia kila siku 7 mpaka 10, na kunyunyiza hata chini ya majani.

Elimu hii si ya leo. Katika mwaka 1882, huko Médoc katika Ufaransa, mwalimu Millardet aliona mizabibu ya kando ya njia ikiwa na majani mazima, wakati mingine ilikuwa imekauka kwa ugonjwa. Wenye shamba walikuwa wameipaka chokaa na sulfati ya shaba kusudi wezi waogope kula zabibu. Millardet alijaribu, na mwaka 1885 akatangaza dawa hiyo. Mpaka leo inatengenezwa hivi: gramu 100 za sulfati ya shaba na gramu 100 za chokaa iliyozimwa, katika litri 10 za maji. Itengenezwe katika ndoo ya plastiki, si ya chuma, na itumiwe siku ileile. Shaba! Sisi watoto wa Katanga, ambao mji wetu uliyeyusha shaba tangu mwaka 1911, tungepashwa kujua kazi hii kuliko wengine. Lakini tuangalie: udongo wa pande nyingi za mji wetu umekwisha kupata shaba nyingi kwa moshi na maji ya viwanda. Kuizidisha bila kipimo ni kuharibu udongo.

Na si tomati peke yake. Katika wakati wa mvua wa 2017–2018, ngano iliyolimwa Mpika, katika Zambia jirani yetu, ilipigwa na ugonjwa unaokausha masuke, ambao mbele yake haukuonekana bado katika Afrika. Kwa ugonjwa huo pia, anayengojea suke ligeuke jeupe amechelewa. Dawa inapashwa kupita wakati masuke yanatoka. Sisi tunaokula mukate wa ngano ya mbali tusiseme kwamba hiyo ni habari ya wengine.

Kuna wanaotujibu: « Kunyunyiza shamba lenye afya ni kutupa feza. » Tunaelewa, kwa sababu feza ni kidogo. Lakini kununua dawa wakati shamba limekwisha kuoza, hiyo ndiyo kutupa feza kabisa. Na dawa peke yake haitoshi. Panda kwa nafasi, simamisha tomati kwa miti, mwanga maji chini na si juu ya majani, ngoa mimea yenye ugonjwa na kuipeleka mbali, na mwaka unaofuata panda kitu kingine pale, lakini si viazi ulaya, kwa maana ugonjwa wao ni mumoja.

Neno la mwisho ni zito zaidi. Kunyunyiza mapema si ruhusa ya kunyunyiza mpaka siku ya kuuza. Sokoni tunaona tomati zenye unga wa dawa bado juu yake. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kuondoa mankozebu katika mashamba yao, juu ya hatari yake kwa uzazi na kwa mwili. Basi anayeitumia afunike pua na mikono, asome kwenye mfuko hesabu ya siku za kungojea mbele ya kuvuna, na asinunue dawa ya kupimapima isiyo na maandiko. Mama asiyejua kusoma Kifaransa ana mtoto masomoni. Mtoto huyo asome kwa sauti.

Nuhu hakungoja matone ya kwanza ndipo atafute mbao. Alijenga wakati jua lilikuwa linawaka, na watu hawakumusikia. Ndugu zetu, mvua ya Katanga inajulikana mwezi wake. Tutayarishe pompi mbele haijafika.

Sisi wanafunzi wa kundi la shamba