Shavu si Taya: Maneno ya Mgonjwa Yaandikwe Kabla ya Tafsiri Yetu

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa daktari kijana katika kituo kimoja cha afya kando ya Ziwa Tanganyika, mama mmoja aliniletea mwanawe wa kiume wa miaka mitano. Walikuwa wamesafiri usiku kucha kwa boti kutoka kijiji cha mwambao wa kusini. Nilipomwuliza shida ya mtoto, alinijibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Si shavu, daktari. Ni huu mfupa ulio chini ya shavu unaokua, na magego yake yanacheza." Nilimsikiliza, nikachungulia kinywa cha mtoto, kisha nikaandika katika faili, kwa Kiingereza, maneno machache yenye maana ya uvimbe wa shavu na jino bovu. Nikampa dawa ya kuua vijidudu na kumtaka arudi baada ya wiki moja.

Alirudi baada ya wiki tatu, kwa sababu ziwa lilichafuka na nauli ilikawia kupatikana. Uvimbe ulikuwa umepanda hadi kwenye jicho. Mtoto alikuwa na limfoma ya Burkitt, saratani ya utotoni ambayo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Alipelekwa hospitali ya rufaa, akatibiwa, akapona. Lakini jicho lile halikuona tena.

Nimelirudia faili lile moyoni mara nyingi. Mama alitaja kiungo, akataja dalili, na akanionya mapema nisichanganye shavu na taya. Mimi ndiye niliyefuta maelezo yake kwa kuyatafsiri. Kwa hiyo natoa hoja moja kwa walimu na wanafunzi wa tiba: maneno ya mgonjwa yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, kama alivyoyatamka, kabla hatujayageuza kuwa istilahi zetu. Na ili tuyaelewe, sisi wenyewe tujifunze majina ya viungo kwa Kiswahili kwa umakini uleule tunaojifunzia yale ya Kilatini.

Tuanze na shavu lenyewe. Kwa nje lina ngozi. Chini yake kuna mafuta. Kisha msuli ambao wanaanatomia wa kale waliuita kwa Kilatini mpiga tarumbeta, kwa kuwa ndio unaobana hewa mtu apulizapo. Na kwa ndani kabisa kuna utando laini unaoloweshwa na mate. Katika utando huo, mkabala na gego la pili la juu, pana tundu dogo ambapo mfereji wa tezi kubwa ya mate humwaga mate yake. Karibu na hapo ndipo yanapotokea madoadoa meupe ya surua aliyoyaeleza Henry Koplik mwaka 1896, siku moja au mbili kabla ya vipele kuonekana mwilini. Taya ni kitu kingine: ni mfupa unaobeba meno. Shavu hulifunika taya kama pazia linavyofunika ukuta, na anayetazama pazia tu hawezi kujua kama ukuta umepasuka.

Mzazi asemapo "shavu limevimba", huenda anazungumzia moja kati ya mambo manne. La kwanza ni usaha wa jino lililooza: ufizi huwa mwekundu, kuna joto na maumivu makali. La pili ni tezi ya mate, kama ilivyo katika matubwitubwi: uvimbe hukaa mbele na chini ya sikio, nao huinua ndewe. La tatu ni taya lenyewe: uvimbe ni mgumu, mara nyingi hauumi sana, na magego ya mtoto hulegea kabla ya wakati wake. La nne ni kidonda kinachoanzia kwenye ufizi wa mtoto mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua. Hunuka, kisha kwa siku chache hula shavu kutoka ndani hadi nje. Ugonjwa huu Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Jina lake la kitaalamu ni noma, neno la asili ya Kigiriki, ambalo kijana wa Mwanga au Gungu akilisikia kutoka kwa muuguzi atadhani anataniwa. Magonjwa ni manne, tiba ni nne, na muda wa kuokoa haulingani. Neno moja linayafunika yote.

Historia inatuonyesha uzito wa kutaja kiungo sahihi. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika pande zote nne za mataya. Hakuridhika kusema kwamba uso umevimba. Makala yake ya mwaka 1958 ilitaja mataya katika kichwa chake, na mwaka 1961 alifunga safari ndefu kwa gari kupitia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe huo umeonekana huko. Alibaini kwamba ugonjwa hufuata nyanda za joto na mvua, yaani nyanda za malaria. Ziwa letu, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 770 kutoka usawa wa bahari, limo ndani ya ukanda huo. Daktari wa Kigoma basi hana udhuru wa kulisahau taya.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba Kilatini na Kiingereza vinatosha, na kwamba Kiswahili hakina usahihi unaotakiwa. Ni kweli kwamba neno shavu limebeba mizigo mingi. Tuna shavu la uso na shavu la mguu. Na mchuuzi wa samaki pale Kibirizi hufunua mashavu ya mgebuka kuona kama bado ni mekundu. Lakini hata Ulaya hawakuzaliwa na usahihi. Kufikia mwisho wa karne ya 19 wanaanatomia walikuwa na takriban majina 50,000 kwa viungo vipatavyo 5,000, hadi walipokutana Basel mwaka 1895 na kukubaliana juu ya orodha moja. Usahihi ulitokana na makubaliano. Sisi tuna Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967, na kamusi za tiba zimekwisha kuchapishwa. Kilichobaki ni kuyatoa maneno hayo kabatini na kuyapeleka kitandani kwa mgonjwa.

Wala malighafi haikosekani. Kiswahili hutenganisha kinywa, yaani nafasi ya ndani, na mdomo, ambao ni wa juu au wa chini. Kina ufizi, kaakaa, kimio, chonge, gego na ndewe. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutia nanga, na lugha yao ikiwa nao. Tangu wakati huo Kiswahili cha hapa kimeishi jirani na Kiha, Kibembe na Kirundi. Mama anayezungumza Kirundi atasema "itama" akimaanisha shavu. Mwuguzi mwenye kusikiliza atamwomba aguse kwa kidole mahali penyewe, kisha ataandika.

Hata hivyo, sitaki tudhani kwamba kila neno la mtaani ni la kupokewa bila kupimwa. Lipo jina linalojeruhi. Kimio ni kinyama halali cha mwili, kila mtu anacho. Lakini kikiitwa kimeo, hugeuka ugonjwa, na mtoto mwenye kikohozi hupelekwa kukatwa, akarudi na damu au maambukizi. Vivyo hivyo "meno ya plastiki", jina lililoenea nchini tangu miaka ya 1980. Mtoto mchanga anapoharisha na kupata homa, ufizi wake hufunuliwa. Panapoonekana kinundu cheupe, husemwa kwamba ndilo jino baya, likang'olewa kwa chombo kichafu. Kinundu kile ni chonge changa inayosubiri wakati wake. Hakuna plastiki yoyote. Kuna mtoto anayehitaji maji ya chumvi na sukari na kipimo cha malaria, na badala yake anapewa jeraha. Karipio peke yake haling'oi jina la namna hii. Linang'olewa na jina bora. Mama akiambiwa "hii ni chonge ya mwanao, bado imelala", ana neno la kumjibu jirani atakayemshauri vingine.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila fomu ya mgonjwa iwe na mstari wa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, ndani ya alama za kunukuu. Pili, wanafunzi wetu watahiniwe kuchukua historia ya ugonjwa kwa Kiswahili, na wapoteze alama wanapoandika shavu pale mgonjwa aliposema taya. Tatu, itengenezwe orodha fupi ya majina ya kinywa na uso, yenye picha, ibandikwe katika kila zahanati ya mwambao kuanzia Kagunga hadi Kalya. Chini yake yaandikwe maswali matatu kwa mtoto mwenye uvimbe: Je, ni mgumu kama mfupa? Je, meno yanacheza? Je, umekua ndani ya siku chache? Jibu likiwa ndiyo, mtoto asipewe dawa na kurudishwa nyumbani, wala asing'olewe jino. Asafirishwe siku hiyohiyo.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na wapo wanaokuja kwetu baada ya usiku mzima majini. Umbali huo hatuwezi kuufuta kwa kalamu. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba mama aliyeuvuka umbali wote huo akiwa na maelezo sahihi, maelezo yake hayapotei katika hatua ya mwisho, kati ya sikio la daktari na karatasi yake.