Stelingi Naye Hudaiwa Kodi

Nimeombwa niandike kidogo kwa toleo hili, na kwa vile mimi ni mtu wa uhandisi, siyo wa mashairi wala siasa, nitaandika juu ya sinema. Najua wapo watakaocheka. Mtu wa miaka 30, anasomea uzamivu, bado anatazama watu waliovaa nguo za kubana wakiruka maghorofa? Ndiyo jamani, natazama.

Tuliokulia kwenye vibanda vya video tulijua kanuni moja tu: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, mwishoni ataibuka. Nadhani nyumbani wanatutazama sisi tulio majuu kwa kanuni hiyohiyo. Ukishapanda ndege umekuwa stelingi. Ada ya mdogo wako, dawa za bibi, bati za nyumba ya baba mdogo, vyote vinakungoja. Nani anauliza stelingi amekula nini leo?

Ndiyo maana naipenda Spider-Man 2 ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Sam Raimi, kuliko nyingine zote. Peter Parker mle ndani ni mwanafunzi wa chuo anayesambaza piza, na kazi yenyewe anafukuzwa kwa kuchelewa. Mwenye nyumba anamdai kodi. Mwalimu wake, Dk. Connors, anamwambia anafeli. Anauza picha gazetini, lakini malipo yanaishia kwenye hela aliyokwisha kukopa palepale. May, aliyemlea (sisi tungemwita mama mkubwa), nyumba yake inataka kuchukuliwa na benki, na bado siku ya kuzaliwa kwa kijana anamlazimisha apokee dola 20. Hebu niambieni, huyo si mwenzetu? Ondoa piza, weka maboksi ya ghalani, halafu hapa Uingereza ongeza viza inayosema usizidi saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo.

Wengi walitoka na lile neno la filamu ya kwanza, ya 2002, kwamba mwenye uwezo mkubwa ana wajibu mkubwa. Kwa maoni yangu neno hilo tumelitumia vibaya, hasa sisi Waafrika, maana kila mwenye shida anaweza kukubana nalo. Filamu ya pili inaonyesha kinachofuata. Kijana anabeba, anabeba, mpaka uwezo wenyewe unakatika. Anarusha utando, hautoki, anaanguka chini puu! Anakwenda kwa daktari, na daktari haoni ugonjwa mwilini, anaelekeza kidole kichwani.

Kwenye fani yetu hilo tunalijua kama uchovu wa metali. Chuma kinaweza kubeba mzigo usiofikia nguvu zake hata kidogo, lakini ukirudiwa mara maelfu kwa maelfu, nyufa ndogo huanza ndani bila kuonekana. Siku moja kinakatika kwa mzigo uleule wa jana, na wapita njia wanashangaa.

Adui wa filamu hiyo, Dk. Octavius, naye ni mwanasayansi. Mtambo wake unapoanza kuyumba mbele ya wageni anaambiwa auzime, anakataa, eti utatulia. Mkewe anakufa pale pale. Mimi namwona zaidi kama mtafiti aliyekwisha kuwaahidi wafadhili. Mnaoandika tasnifu mmenielewa.

Sasa ile sehemu ya treni. Peter anaisimamisha kwa mwili wake, kinyago amekivua, kisha anazimia. Abiria wanamdaka, wanambeba juu kwa mikono, wanamlaza, na kumtazama usoni wanakuta ni kijana mdogo tu. Hakuna anayemdharau. Watoto wawili wanamrudishia kinyago chake na kuahidi hawatasema.

Hapo ndipo nasema: waonyesheni sura. Mpigie mama umwambie mwezi huu sina, nina mtihani na saa za kazi zimepunguzwa. Najua jibu lenu, kwamba watasema umeanza maringo, au kwamba dawa za mgonjwa hazisubiri mtihani. La dawa ni kweli, silifanyii mzaha. Lakini mgonjwa huyo anaumia zaidi kwa hela iliyoahidiwa isifike kuliko kwa kidogo kinachojulikana mapema, maana wajomba na majirani nao wangeweza kuchanga. Tunawadharau watu wetu tukidhani hawawezi kuusikia ukweli. Hao hao walichanga nauli yetu.

Kamati ya Jumuiya, ule usiku wa filamu wa muhula ujao naomba tuonyeshe hii, na baadaye tukae tuzungumze bila kuoneana haya. Piza tutaagiza. Atakayeileta apewe bahashishi nono, huenda naye anawahi darasani.