Kwa Naibu Chansela na Seneti ya Chuo Kikuu cha Egerton: Maji ya Karagita Yanahitaji Darasa Moja



Hapa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, utamwona mtoto akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Meno yake yana madoa ya kahawia. Chanzo ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuingia katika maji ya visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya ukanda huu huvuka hapo.

Njia ya kuiondoa inajulikana. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja maji. Mkemia atakueleza jinsi mkaa huo unavyonasa floraidi, na kwamba ukishiba sharti ubadilishwe. Lakini nani atalipia, ikiwa wapangaji wengi ni vibarua wa mashamba ya maua, leo wako ploti hii, kesho ile? Na yule ambaye dini yake inamtia shaka kuhusu mifupa ya mnyama ambaye haijulikani alichinjwaje, atakunywa? Hayo hayapimwi maabara.

Kwa hiyo naiomba Seneti itunge kozi ya maji itakayowaweka pamoja wanafunzi wa kemia, afya, kilimo, uchumi na sosholojia. Kuwajaza ukumbini wasikilize mhadhara mmoja hakutoshi. Wahadhiri wawili wa idara tofauti wawe darasani kwa wakati mmoja, wabishane wanafunzi wakisikia. Wiki za kwanza, kila fani ifunze wenzake kazi yake: wa kemia waonyeshe kupima floraidi, wa sosholojia waonyeshe kumhoji mama muuza maji bila kumtilia maneno kinywani. Anayesoma sosholojia asianguke kwa kuwa kemia yake iliishia Kidato cha Nne, ila asiruhusiwe kukimbia hesabu. Alama zitokane na kazi ya kikundi, na kila mmoja aulizwe ana kwa ana kuhusu sehemu ya mwenzake.

Najua kila idara hulinda saa zake na wahadhiri wake. Hilo mkuu wa idara hawezi kulimaliza peke yake; ni ninyi mnaoweza. Egerton ilianza 1939 kama shule ya kilimo, na mkulima hajawahi kutenganisha udongo, mifugo na daftari la mapato.

Njoro, kilipo chuo chenu, na Naivasha ziko kaunti moja. Wanafunzi wakishamaliza ripoti yao, waje waisome hapa kwa Kiswahili, tuwaulize maswali, kabla haijasahihishwa.

Mkazi wa Karagita