Floraidi ya Kupaka na Floraidi ya Kunywa

Mtu mzima wa Dundori, Nakuru, akiambiwa na daktari wa meno kwamba anahitaji floraidi, ana haki ya kushtuka. Si madini hayo hayo yaliyoyatia kahawia meno ya majirani zake wa bondeni tangu utotoni? Sasa alipe pesa apakwe tena?

Kinachosahaulika hapa ni umri. Doa lile huingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, kabla mtoto hajatimiza takriban miaka 8. Jino likishakomaa, floraidi ya mswaki haiwezi kulibadilisha rangi. Kazi yake ni nyingine: hukaa kwenye mate na kusaidia madini yaliyoyeyushwa na asidi ya bakteria kurudi kwenye tabaka gumu la nje. Kwa kazi hiyo dawa ya mswaki yenye floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni inatosha watu wengi.

Wapo wanaojibu kwamba maji ya Nakuru yanayo floraidi tele, basi dawa ya nini. Hoja hiyo naikataa. Floraidi ya majini hulinda meno ikiwa kidogo tu: mji wa Grand Rapids, Marekani, ulipoanza kuitia majini mwaka 1945, ilikuwa takriban miligramu 1 kwa lita. Ikizidi mno, jino la mtoto hukua na vitundu vidogo, humeguka, na huoza kama mengine. Mwenye meno ya namna hiyo ndiye wa kwanza kuhitaji mswaki.

Floraidi ya kunywa, hiyo ndiyo ya kuogopwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, lakini miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyapa maji ya visima virefu kiasi kinachopita hapo, na visima viwili jirani vinaweza kutofautiana sana. (Mwuza maji wa mkokoteni wa punda ni nadra kuulizwa kayateka wapi.) Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua, floraidi hubaki. Akiyanywa miaka mingi, hata mtu mzima huweza kuumia mifupa na viungo. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru iliishughulikia tangu mwaka 1998. Mkaa huo nao huchoka, na hupaswa kubadilishwa.

Na vanishi, ile dawa nzito ya kupakwa kliniki? Ina takriban sehemu 22,600 kwa milioni, ila hupakwa kidogo na kugandia jinoni. Inamfaa aliyeachwa mizizi ya meno wazi na ufizi uliorudi nyuma, anayekaushwa mdomo na dawa anazotumia, au anayetoboka meno kila mara. Kumpaka kila mtu mzima kungekuwa matumizi mabaya ya fedha za kaunti. Fedha hizo zipime kwanza visima, na matokeo yabandikwe pale pale watu wanapoteka.

Wewe msomaji, piga mswaki mara mbili kwa siku, tema povu, usisukutue kwa maji. Na kabla ya kumkorogea mtoto uji kwa maji ya kisima kipya, dai uonyeshwe kipimo chake.